Daftari la Nesi na Swali Lisilo na Mlipaji

Basi la Singida kwenda Nzega likifika Misigiri husimama muda mrefu kuliko linavyopaswa. Hapa ndipo njia ya Kiomboi inapochepuka, hapa madereva wa malori hupumzika kabla ya kuuteremka mlima Sekenke kuelekea Shelui, na hapa ndipo mimi nimekuwa nikishuka na begi langu tangu nikiwa mwanafunzi wa sekondari. Zamani wauza kuku waliniuliza kama nimekuja likizo. Siku hizi huniuliza nani amefariki. Mtu akifika umri wangu, akawa anafundisha chuo kikuu cha mbali, nyumbani humtarajia msibani.

Oktoba 2024 nilishuka hapo nikiwa sijui jibu la swali hilo. Shangazi yangu, dada wa pekee wa marehemu baba, alikuwa amekutwa alfajiri mlangoni mwa jiko lake, hajitambui. Kijana wa bodaboda na mke wa jirani walimweka katikati yao, mtindo ambao askari wa barabarani huutoza faini na sisi huuita mshikaki, wakamkimbiza zahanati. Nesi alimtoboa kidole, akaweka tone la damu kwenye mashine ya kupimia sukari, na mashine ikaandika herufi mbili badala ya namba. Maana ya herufi zile ni kwamba sukari iko juu kuliko mashine inavyoweza kuhesabu. Ndipo likatafutwa gari.

Shangazi hakufa. Alikaa hospitali majuma mawili, akarudi na jicho moja ambalo sasa linaona kama mtu anayetazama kupitia pazia. Amenipa ruhusa ya kuandika habari zake kwa sharti kwamba nisitaje jina lake. Nilipomwambia kwamba huku kwetu kila mtu atajua ni yeye, alinijibu, "Wa huku wanajua tayari, mwanangu. Hao wa huko kwenu ndio sitaki wanijue kwa jina."

Jambo ambalo wa huku wanalijua ni kwamba shangazi anaishi na virusi vya UKIMWI tangu mwaka 2006, baada ya kumzika mumewe. Alianza dawa za kufubaza virusi mwaka uliofuata. Katika miaka yote hiyo hajakosa kliniki hata mara moja, hata msimu wa kupura alizeti. Kadi yake ya CTC imebadilishwa mara nne kwa kujaa. Virusi vyake vimefubaa kiasi kwamba kipimo hakivioni. Kwa vigezo vyote ambavyo Serikali na wafadhili hutumia kuhesabu mafanikio, shangazi yangu ni mafanikio. Yumo katika ripoti zao, na anastahili kuwamo.

Na ni mwembamba. Hili nalisema kwa sababu ndilo lililowapoteza wote, mimi nikiwa mmoja wao. Miezi kadhaa kabla ya kuanguka alikuwa akilalamika kiu na kukojoa usiku. Alitibiwa UTI mara tatu. Nani angemfikiria kisukari mwanamke wa kilo arobaini na tisa anayekula ugali wa mtama na mlenda? Sisi wasomi wa magazeti tumefundishwa kwamba kisukari ni ugonjwa wa vitambi, wa wakurugenzi na wanasiasa. Jamaa mmoja wa idarani kwetu alithubutu kuniambia kwamba labda shangazi anakula sana sukari kwa siri.

Siku ya tatu nilikwenda zahanati kumshukuru nesi. Watu wa huku huniita Daktari, na kila nikija huletewa watoto wenye homa; huwa nawaeleza kwamba udaktari wangu ni wa sayansi ya siasa na hautibu kitu chochote, hata siasa yenyewe. Nesi anajua tofauti. Alinikaribisha kwenye benchi, akasubiri mama mmoja aondoke, kisha akasema, "Daktari, huyu wa kwako si wa kwanza." Akafungua droo na kutoa daftari kubwa la dukani, lile lenye jalada gumu ambalo wenye maduka huandikia madeni.

Alikuwa amechora mistari kwa rula. Tarehe. Umri. Mke au mume. Miaka katika dawa. Uzito. Kisha safu zilizonisimamisha: kiu, mkojo, ganzi ya miguu, tumbo kujaa, kuhara kusikoisha. Safu ya mwisho ilikuwa sukari, na mara nyingi ilikuwa tupu. Mashine aliyoitumia haikuwa ya zahanati. Mwanawe anayefanya kazi Dar es Salaam alimnunulia kwa ajili ya bibi yao, na bibi alipofariki ikabaki. Stripu alikuwa akinunua kwa fedha zake alipopata, akawa anamchagulia mgonjwa anayemtia wasiwasi zaidi. Majina hakuandika, aliandika namba. Hakuna aliyemwagiza kufanya kazi hiyo. Alianza, alivyoniambia, kwa sababu alichoka kuona sura zilezile zikirudi na malalamiko yaleyale ambayo hayana mahali pa kuandikwa kwenye kadi.

Niseme wazi, kwa ajili ya wanafunzi wangu ambao najua wanasoma hapa wakitafuta kosa la mwalimu: daftari lile halithibitishi lolote. Waliopimwa ni waliolalamika. Hakuna kundi la kulinganisha la watu wasio na virusi. Mashine ni moja, ya nyumbani, na hakuna aliyeihakiki. Huenda watu wa Iramba wenye virusi hawaugui kisukari kuliko jirani zao, na huenda matumbo yao yanasumbuliwa na maji ya kisima kama matumbo yetu sote. Daftari lile ni swali lililopigiwa mistari kwa rula. Nami nadai kwamba nchi hii, iliyojifunza kwa gharama kubwa kununua majibu, bado haijawa na mfuko wa kulipia swali.

Historia ya ugonjwa huu katika kanda yetu ingepaswa kutufundisha vingine. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera. Wananchi hawakungoja jina kutoka maabara, waliuita ugonjwa ule Juliana, jina la kitambaa cha magendo kilichokuwa kikivuka mpaka wa Uganda pamoja na wafanyabiashara vijana. Ng'ambo ya mpaka, Rakai na Masaka, waliuita Slim, kwa sababu ya kukonda. Mwaka 1985 David Serwadda na wenzake waliandika katika jarida la Lancet kuhusu ugonjwa huo mpya wa kukonda na kuhara, wakionesha uhusiano wake na virusi vilivyokuwa vimetambuliwa Ulaya na Marekani muda mfupi kabla. Tazameni walichokiona kwanza: tumbo. Kabla ya watu wa kanda hii kujua lolote juu ya chembe za kinga, walikuwa wamekwisha kuona kwamba ugonjwa huu unakaa tumboni.

Sayansi ilikuja kuwapa haki baadaye. Sehemu kubwa ya chembe za kinga za mwili huishi katika ukuta wa utumbo, na virusi hushambulia huko mapema sana, katika majuma ya mwanzo, mtu akiwa hajui kama ameambukizwa. Dawa hurejesha chembe za damuni vizuri, lakini ukuta wa utumbo kwa watu wengi hauponi kikamilifu. Vipande vya bakteria hupenya na kuingia katika damu, mwili ukabaki katika hali ya tahadhari isiyokwisha, kama mji ambao king'ora chake kimekwama. Wataalamu wanaishuku hali hiyo kuwa moja ya sababu zinazowafanya watu walioishi miaka mingi na virusi kupata maradhi ya moyo, ini na kisukari. Kwa hiyo nesi aliyeweka safu ya "tumbo kujaa" karibu na safu ya "sukari" hakuwa akichanganya mambo. Aliweka pamoja vitu ambavyo idara zetu za vyuo zimeviweka katika majengo tofauti.

Mwanza wamelichimba jambo hili kuliko mahali pengine nchini. Watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, walishirikiana na wenzao wa Lusaka, London na Copenhagen kuwafuatilia watu waliokuwa wakianza dawa wakiwa wamekonda mno, watu 1,815 katika miji miwili ya Mwanza na Lusaka. Walijaribu kama lishe iliyoongezwa vitamini na madini kwa wingi ingeokoa maisha zaidi. Haikuokoa. Lakini wale waliopona hawakusahauliwa. Utafiti mwingine ulifuata mwaka 2016, ukiwa na karibu watu 2,000, wenye virusi na wasio navyo, ukiuliza habari za kisukari. Moja ya mambo yaliyojitokeza ni kwamba kwa watu wengi wa huko tatizo kubwa lilikuwa kongosho kushindwa kutoa insulini ya kutosha, zaidi ya mwili kuikataa insulini kwa sababu ya unene. Jingine ni kwamba vipimo viwili vinavyoaminika duniani kote vya kutambua kisukari havikukubaliana vizuri juu ya nani anao na nani hana. Niliposoma hayo nikiwa nimekaa kando ya kitanda cha shangazi, niliona aibu ya mtu aliyemwambia mgonjwa apunguze mafuta.

Kampala nako kuna kisa kinachofanana na daftari la nesi wetu. Dawa mpya ya dolutegravir, ambayo Tanzania nayo ilianza kuisambaza kwa wingi mwaka 2019, ni dawa njema: ina nguvu, haina madhara mengi, na virusi haviizoei kwa urahisi. Lakini waganga wa taasisi ya magonjwa ya kuambukiza pale Mulago waliona baadhi ya wagonjwa waliohamishiwa dawa hiyo wakirudi baada ya miezi michache sukari ikiwa juu sana. Walikuwa 16 kati ya zaidi ya 3,400. Idadi ndogo, ambayo mtu mwenye haraka angeipuuza. Wao waliiandika, ikachapishwa mwaka 2020, na ikawa sababu ya watu wengine kwingineko kuuliza kama ni kweli, kwa nani, na kwa nini. Hakuna aliyesema watu waache dawa, nami sisemi. Shangazi anaendelea na dawa zake na ataendelea. Asiyezimeza anakufa, na tulizika wa kutosha miaka ya tisini kulijua hilo.

Nimetaja Mwanza na Kampala. Ningeweza kutaja pia Haydom, ng'ambo ya Mkalama katika mkoa jirani wa Manyara, hospitali ya Kilutheri iliyofunguliwa mwaka 1955. Wazee wa huku wakiona mgonjwa amewashinda husema mpelekeni Haydom. Hospitali hiyo ilikuwa moja ya vituo vinane duniani vya utafiti mkubwa juu ya matumbo ya watoto na udumavu, pamoja na vituo vya Peru, Brazil, Afrika Kusini, Pakistan, India, Nepal na Bangladesh. Baadaye Haydom walijaribu dawa kwa zaidi ya watoto elfu moja kuona kama wangekua vizuri zaidi. Hawakukua zaidi. Jibu la "hapana" nalo ni jibu, na limewaokoa watoto wengine kumezeshwa dawa zisizowasaidia.

Sasa ulizeni nani alilipa. Haydom, utafiti wa kwanza ulilipiwa na taasisi ya Gates ya Marekani. Mwanza, walilipa Wazungu wa Ulaya kwa mfuko wao wa pamoja, kisha Denmark. Majaribio ya Dar es Salaam ya kuunganisha kliniki za VVU, kisukari na shinikizo la damu yalilipiwa na Umoja wa Ulaya, na yale ya kuwapa metformini watu wenye virusi ambao sukari yao imeanza kupanda yalilipiwa na Uingereza. Siwabezi. Mtu aliyekulipia ada ukasoma humtukani. Lakini mlipa ada ndiye anayechagua shule, na sisi tumefika mahali ambapo hatuwezi kuuliza jambo linalotukia Misigiri mpaka kwanza limpendeze mtu aliyeko Brussels.

Turudi Misigiri. Mapema mwaka 2025 mimi na mwenzangu mmoja, daktari wa magonjwa ya ndani anayefundisha chuo kingine, tuliandika andiko dogo. Tulitaka kupima sukari na uzito, na kuuliza habari za tumbo na chakula, kwa watu wa CTC tatu za wilaya na majirani zao wasio na virusi, kwa mwaka mmoja. Fedha tulizoomba zisingetosha kununua gari moja la mradi. Tulipeleka kwanza kwenye dirisha moja la ruzuku hapa hapa nchini. Jibu lilikuja kwa adabu: wazo ni zuri, ila waombaji hawajaonesha takwimu za awali. Tulikuwa tumeomba fedha za kukusanya takwimu za awali.

Nilikasirika, nikatembea usiku ule kutoka ofisini mpaka nyumbani nikiongea peke yangu, na katikati ya njia nikakumbuka jambo ambalo nililiweka mbali kwa miaka kadhaa. Mimi mwenyewe niliwahi kukaa katika kamati ya namna hiyo. Alikuja mbele yetu kijana mmoja, tabibu, na swali juu ya wachimbaji wadogo wa dhahabu wanaoishi na virusi na kuharisha kwa miezi. Alikuwa na barua ya Mganga Mkuu wa Wilaya na maelezo ya alichokiona wodini. Mimi ndiye niliyeuliza ziko wapi takwimu za awali. Niliuliza kwa sauti ya mtu aliyesoma ng'ambo. Kijana yule sasa anafanya kazi ya ushauri elekezi mjini, anaandika ripoti za warsha, na analipwa vizuri kuliko mimi. Swali lake sijui kama kuna mwingine aliyelichukua.

Kinachoudhi ni kwamba masharti haya tuliyaazima, na kwa walioyatunga kuna dirisha ambalo hatukuliazima. Huko Marekani, ambako taasisi zao za afya zina hata taasisi nzima ya kisukari, magonjwa ya mmeng'enyo wa chakula na figo, ipo aina ya ruzuku ya uchunguzi wa awali, ya miaka miwili, ambayo kwa kawaida haimlazimishi mwombaji kuja na takwimu za awali. Wanajua kwamba swali jipya halina takwimu. Vipo pia vituo vya utafiti wa UKIMWI katika vyuo vyao, mpango ulioanza mwaka 1988, vinavyogawa fedha ndogo za kuanzia kwa watafiti chipukizi. Sisi tulichukua ukali wa mlango wa mbele tukaacha mlango wa uani.

Andiko letu tulilipeleka pili kupitia mshirika wa nje, sisi tukiwa kijitawi cha ruzuku yake. Lilikuwa bado mezani Mei 2025, pale taasisi hizo za Marekani zilipotangaza kusitisha mpango wa vijitawi vya nje mpaka utungwe utaratibu mpya. Miezi minne kabla, Januari, misaada yao ya nje ilikuwa imesimamishwa kwa amri ya siku moja, na kwa majuma kadhaa watu wa konga za WAVIU walikuwa wakipigiana simu kuuliza kama dawa zitakuwapo mwezi ujao.

Hapo lazima niwe mkweli kwa upande wa Serikali. Juni mwaka huohuo Waziri wa Fedha wa wakati huo, Mwigulu Nchemba, mbunge wetu wa Iramba Magharibi, aliliomba Bunge kupitisha tozo za kuziba pengo la wafadhili, ikiwamo shilingi 10 kwa kila lita ya mafuta, sehemu kubwa ya makusanyo iende kwenye Mfuko wa UKIMWI na nyingine kwenye bima ya afya kwa wote. Nimesikia watu wakilalamika. Mimi sikulalamika. Nimesimama kwenye kituo cha mafuta hapa Misigiri, nikatazama lori la mizigo likijaza tangi, nikapiga hesabu kichwani: lita mia nne, shilingi elfu nne. Kwa mara ya kwanza niliona kwa macho yangu dawa ya shangazi ikilipiwa na mtu anayepita njia yetu, badala ya mtu aliyeko ng'ambo ya bahari. Ni jambo kubwa, na aliyelibuni apewe sifa yake.

Ila nikatafuta katika hesabu hizo fungu la mtu anayeuliza, sikuliona. Fedha zimewekwa kwa ajili ya vidonge na vitendanishi, yaani kwa ajili ya tunachokijua. Kulipia tusichokijua tumekuachia ahadi. Mwaka 2006, Khartoum, nchi za Umoja wa Afrika zilikubaliana kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti na maendeleo. Nasi tuliahidi, na hatujafika. Tuna NIMR iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, tuna COSTECH ya mwaka 1986, tuna mfuko wa kuendeleza sayansi na teknolojia, MTUSATE, tangu mwaka 1995. Vyombo vipo. Maofisa wa wizara wanaosoma ukurasa huu, na najua mpo, mnafahamu kuliko mimi kinachotokea kwa fungu la utafiti pale robo ya tatu ya mwaka wa fedha inapofika na makusanyo yamelegea. Linakatwa la kwanza kwa sababu halina mgonjwa anayelalamika dirishani.

Watu wa Sekenke wanaelewa jambo hili vizuri kuliko wachumi wetu. Dhahabu imechimbwa pale tangu enzi za Wajerumani, na hadi leo wachimbaji wadogo hushuka kwenye maduara. Mwenye duara huwalisha vijana wake miezi mitatu, minne, ananunua magogo, kamba na betri za tochi, kabla hajaona jiwe lenye rangi. Maduara mengi hayatoi kitu. Hakuna mwenye duara aliyewahi kumwambia kijana alete kwanza gramu tano za dhahabu ndipo apewe sururu. Angechekwa mpaka Shelui.

Na swali dogo linalolipiwa mapema huweza kwenda mbali. Mwaka 1961 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, alichukua gari la mtumba na wenzake wawili, kwa ruzuku ndogo sana, akazunguka hospitali zaidi ya 50 kutoka Uganda, kupitia Kenya na Tanganyika, mpaka Afrika Kusini. Alikuwa na picha za watoto wenye uvimbe wa taya na swali moja: mmewahi kuona hiki? Ramani aliyorudi nayo ilionesha kwamba ugonjwa unafuata joto na mvua, na kazi yake iliwafanya wengine watafute na kupata, mwaka 1964, kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Saratani hiyo inayobeba jina lake ilikuja kuwa miongoni mwa zile zinazowaandama watu wenye UKIMWI. Burkitt aliyekwisha kuzeeka aligeukia kuuliza kwa nini watu wa vijiji vya Afrika, wanaokula nafaka zenye makapi, hawakuwa wakiugua maradhi ya matumbo yaliyojaa Uingereza. Picha, gari na swali. Angeomba leo katika kamati niliyokaa mimi, tungemuuliza takwimu za awali.

Ninachokiomba si kikubwa. Katika kila shilingi 10 za lita ya mafuta, senti chache zitengwe kwa ajili ya maswali ya mwanzo: ruzuku ndogo, za mwaka mmoja, zinazotolewa kwa nesi, tabibu au mwalimu mwenye daftari, akishirikishwa mtu wa takwimu na akisimamiwa na kamati ya maadili, bila kudaiwa jibu kabla ya swali. Nyingi zitatoka patupu. Wakaguzi wa hesabu waelezwe mapema kwamba patupu si ubadhirifu. Najua hoja ya upande wa pili, nami siidharau: wakati vidonge vyenyewe viko mashakani, unawezaje kumtengea fedha mtu anayechora mistari? Namjibu kwa jicho la shangazi. Vidonge vilikuwapo miaka yote kumi na saba. Kilichokosekana ni stripu moja na mtu aliyelipwa kujiuliza.

Na yapo mambo ambayo hakuna mwingine atakayetuulizia. Hospitali walimpa shangazi karatasi ya ushauri wa chakula. Imeandikwa ale mkate wa ngano isiyokobolewa, tufaha, na samaki wa kuoka. Alinisomesha mara mbili akidhani nimeruka mahali. Kisha akauliza, na hili nilishindwa kumjibu mimi na mwenzangu daktari pia, kama ugali wa uwele unapandisha sukari kuliko wa mtama, na kama mlenda unasaidia au unadhuru kwa mtu anayemeza dawa zake. "Maana tufaha, mwanangu, nimeliona kwenye kalenda."

Juma lililopita nilipita tena. Mwenzangu amekubali tuanze bila ruzuku, kwa kiasi tunachoweza, mara tu kibali kitakapotoka. Maombi ya kibali nayo yana ada yake, tumechangishana. Nesi alisema daftari limejaa, sasa anaandika kwenye jalada la ndani. Nikavuka barabara mpaka dukani, nikanunua mawili ya kurasa mia mbili na rula mpya. Mwenye duka alinitazama, akauliza kama na mimi sasa nimeanza kukopesha.